Mama Tarehe na Fimbo ya Mzee Breki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Tarehe atavua aproni yake ya mpira, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha plasta, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu hatarudi kuichukua Jumatatu. Ameitumikia hospitali hii tangu ilipokuwa na wodi nne na pampu moja ya maji ambayo ilipigwa mateke kila asubuhi ndipo ikubali kufanya kazi. Anastaafu kwa umri wa kisheria, akiwa na akili zake zote, na vidole vyake bado vina nguvu kuliko vya wasaidizi wake wawili wakiunganishwa.

Kamati ya kumuaga iliniomba mimi, mpiga picha wa eksirei, niandike kurasa chache za kuchangamsha, kwa sababu chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta mmoja na nimekuwa nikisikia kicheko chake kupitia ukuta huo kwa miaka kumi na minne. Nitajaribu. Lakini msomaji anisamehe nikishindwa, maana wote tunajua hali ilivyo. Mama Tarehe anakwenda nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Mumewe, Mzee Breki, ambaye aliisubiri tarehe hii kuliko Mama mwenyewe alivyoisubiri, tulimzika wiki kumi na moja zilizopita. Mapumziko waliyoyapanga wawili, sasa anakwenda kuyaanza peke yake, na hilo ndilo linalotuuma.

Tuanze na kazi, kwa sababu angekasirika tusipoanza na kazi.

Aliajiriwa kama mhudumu wa wodi, kazi yake ikiwa kubeba ndoo za maji ya vuguvugu na kuzipeleka chumba cha plasta. Fundi plasta wa wakati huo, bwana mmoja mkali aliyekuwa hamsemeshi mtu kabla ya chai, alimwona siku moja akiingiza kiwiko ndani ya ndoo kupima joto la maji bila kuambiwa. Akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Yakiwa moto sana plasta yako itaganda kabla hujamaliza kuviringisha, halafu utanigombeza mimi." Wiki iliyofuata alikuwa anashikilia miguu ya wagonjwa badala ya ndoo, na baada ya miaka mitatu na mtihani mmoja alikuwa fundi plasta kamili.

Jina la Mama Tarehe lilitokana na kalamu yake ya wino mnene wa bluu. Kila plasta iliyotoka mikononi mwake aliiandikia, kwa herufi kubwa ambazo hata kipofu angezipapasa, tarehe ya kufunguliwa. Hakuna aliyefunguliwa kabla ya tarehe hiyo. Kiongozi mmoja mkubwa, ambaye kwa heshima hatutamtaja hata kwa cheo, alikuja na walinzi wake kutaka plasta ya mkono iondolewe siku tisa mapema kwa kuwa ana sherehe. Mama Tarehe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha maandishi ya bluu, akamwambia, "Mheshimiwa, mfupa wako haujui cheo chako." Alienda kwenye sherehe na plasta yake. Na mwaka jana mwalimu mmoja alimsimamisha getini, akamkumbatia na kumwambia, "Mama, mimi ni wa tarehe kumi na tisa Machi, ule mguu wa kushoto." Mama akamkumbuka. Alikumbuka na mguu.

Mimi nilipofika hapa nikiwa na cheti kipya na kiburi cha cheti kipya, nilifikiri picha zangu ndizo zitakazomwambia mfupa umevunjika wapi. Akawa anamshika mgonjwa mkono, anapitisha dole gumba taratibu huku akimuuliza habari za watoto, kisha ananiambia, "Hapa, na kidogo hapa." Napiga picha. Hapo, na kidogo hapo. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikipiga picha za kuthibitisha aliyokwisha kuyasema, na nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwa Mzee Breki, kwa sababu huwezi kumsimulia mmoja ukamwacha mwingine barabarani.

Mzee Breki alikuwa dereva wa gari letu la wagonjwa kwa miaka ishirini na minane. Jina alilipata kwa jinsi alivyosimamisha gari: ungeweza kukaa nyuma na kikombe cha chai kilichojaa na kisimwagike. Mambo ya nje ya gari alikuwa na moja tu, mchezo wa pool. Meza yetu ya ukumbi wa wafanyakazi, ile iliyo nyuma ya jengo la kufulia, alikuwa ameizoea kiasi cha kujua kona ipi imelegea na ipi inadanganya. Alikuwa na fimbo yake mwenyewe, ya vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alistaafu miaka sita iliyopita. Mwaka wa pili wa kustaafu akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka moja moja kwa kusukumwa.

Alipokuwa amelazwa wodi ya wanaume, mtu mmoja alifungua kabati la ukumbi, akaichukua ile fimbo, akaipaka chaki, akafungua mchezo kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Ile ncha, yaani kile kidonge kidogo cha ngozi kinachogusa mpira, kiliruka kikaingia chini ya friji na hakikuonekana tena. Mtu huyo ni mimi. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa si la mwisho.

Nilimpelekea Mama Tarehe fimbo yenye kichwa cha upara na nikaomba radhi. Fundi pekee wa fimbo tuliyemjua alikuwa amehama mji. Mama akaitazama, akasema, "Kitu kikibanduka kinarudishwa. Nitairudisha." Akaenda nayo nyumbani, akanunua pakiti ya ncha za ngozi na gundi ile ya kukauka haraka, akakaa kwenye meza ya kulia chakula mbele ya mume ambaye wakati huo alikuwa amegoma kula na kugoma kuinuka kwenye kiti.

Alifanya kama fundi plasta. Akatia gundi, akakalisha ngozi mahali pake, kisha akalowesha bandeji ya plasta na kuuviringisha mwisho wa fimbo shibiri nzima, ili kisitikisike kitu mpaka kiunge. Plasta ilipokauka akachukua kalamu yake ya bluu, akaandika tarehe ya kufunguliwa, siku kumi mbele. Akaisimamisha fimbo kwenye kona, ikielekeana na kiti cha mzee. Mzee Breki aliikazia macho muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kutetemeka, Mama akapiga kelele akidhani ni kiharusi cha pili, kumbe baba wa watu anacheka. Alipopata pumzi alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "Imevunjika... mguu?"

Siku ya kumi Mama aliikata plasta kwa mkasi wake mkubwa, na ngozi ikatoka ndani ya plasta, imenasa humo. Fimbo ikabaki na upara wake. Mara ya pili alitia gundi nyingi ikachuruzika mpaka kwenye vidole, akaja kazini na vidole viwili vimeshikana. Mara ya tatu hakusawazisha mwisho wa fimbo kwanza, ncha ikakaa upande kama kofia ya mlevi. Mara ya nne aliuelekeza wembe kwake badala ya kuuelekeza nje, akaja na kidole kimefungwa, na sisi wenye adabu ndogo tukamuuliza tarehe ya kufunguliwa.

Lakini kuanzia mara ya pili alikuwa na mwalimu. Mzee Breki hakuweza kueleza, akawa anagonga mkono wa kiti kwa kifundo cha kidole cha kushoto. Pigo moja, endelea. Mawili, acha. Mama akisugua mwisho wa fimbo kwa tupa, akiuinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama umelala sawa, anasikiliza. Moja. Anasugua tena. Mawili. Anakwaruza mgongo wa ngozi kwa msasa ili gundi ipate pa kushika, anatia tone moja, moja tu, anaigeuza fimbo kichwa chini na kuibana kwa uzito wa mwili wake wote, kisha anaiacha hadi kesho yake bila kuigusa. Kesho yake anapunguza kingo kwa wembe, akizungusha fimbo na si wembe. Ile pete nyeupe iliyo chini ya ncha anaizungushia utepe wa karatasi ili msasa usiile. Anaikwangua ngozi juu mpaka iwe na mviringo, na pembeni anaisugua kwa kipande cha mkoba wa zamani kilicholowa mate mpaka ing'ae. Alinieleza yote haya mara nyingi. Ningemsikiliza vizuri, nisingekuwa na la kuungama leo.

Ya tano ilishika. Na siku hiyo mzee, ambaye mtu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameshamwandika kwenye daftari kuwa hana ushirikiano, alisimama. Alishika meza kwa mkono wa kushoto, Mama akamshika kiunoni, mzee akaiachia meza na kuomba fimbo, akalipiga limau lililokuwa mezani likavuka mpaka upande wa pili na kudondoka. Mama anasema alilia papo hapo, na kwamba limau hilo halikukamuliwa.

Baada ya mwezi akaanza kuja ukumbini, Jumanne na Jumamosi, ameegemea bega la mkewe. Kwa kuwa mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kujua pa kukaa, Mama aliizungushia fimbo bandeji ya kunyumbuka sehemu ya kushikia, akaacha kivimbe kidogo cha kuingia kwenye kiganja. Mkono uliingia namna moja tu. Basi na fimbo ikawa inagusa mpira namna moja tu, siku zote, na ncha ikaanza kulika upande mmoja. Mtu yeyote anayejua pool angeiona na kusema imeharibika. Mama alitaka kuisawazisha mara moja, mzee akagonga meza mara mbili. Ikaachwa. Kwa miaka minne ikalika pale pale, kidogo kidogo, Jumanne na Jumamosi.

Alifungwa na kila mtu. Alifungwa hata na mkuu wa dobi, ambaye hupiga mpira mweupe kama anafukuza panya. Hakujali. Sisi tuliokuja na fimbo zetu zenye vichwa vya upara tulimpelekea Mama, naye alikaa kwenye benchi pembeni akitubandikia ncha mpya huku akimtazama mzee wake akishindwa kwa furaha. Ukimuuliza Mzee Breki hali yake, hakujibu salama kama watu wengine. Alijibu idadi ya miezi iliyobaki Mama astaafu. "Hujambo, mzee?" "Kumi na... minne." Unamsaidia kuketi, unamuuliza tena mwezi ujao, "Kumi na mitatu." Jumamosi ya mwisho kumwona nilimfungulia mlango, nikamsalimu, akaniinulia vidole kabla ya kusema.

"Mitatu," akasema.

Jumatatu yake asubuhi, wakati Mama anamimina chai, aliinamisha kichwa. Mama anasema alidhani amesinzia.

Alirudi kazini baada ya siku saba. Alifunga plasta, akaandika tarehe, akauliza wagonjwa habari za watoto wao. Kupitia ule ukuta wetu sikusikia kicheko tena. Fimbo ya mzee ilibaki kwenye kabati la ukumbi, mahali alipoiacha Jumamosi ile, na hakuna aliyeigusa.

Kamati ya kuaga ilipokaa, tukajadili zawadi. Mimi nikapata wazo na nikalipenda sana kwa kuwa lilikuwa langu. Nikasema tuichukue fimbo ya Mzee Breki, tuisafishe, tuitie ncha mpya, tuipake mafuta, tumkabidhi Mama siku ya sherehe ikiwa inang'aa. Metroni aliniangalia juu ya miwani yake, akauliza, "Umemuuliza mwenyewe?" Nikamjibu kwamba zawadi ya kushtukiza haiulizwi. Akanyamaza, na mimi nikauchukulia ukimya wake kuwa ndiyo.

Jumamosi, uani kwangu, nilitandika gazeti juu ya stuli na kuanza. Sikuwahi kubadilisha ncha maishani mwangu. Niliitazama ile ya zamani, nikaona imelika vibaya upande mmoja, nikaguna kama fundi mkubwa. Nikaikata kwa wembe. Haikutoka nzima, ikatoka vipande vipande, na iliyobaki nikaisaga kwa msasa mpaka ikawa vumbi la bluu. Nikatia gundi matone matatu kwa kuwa sikuliamini tone moja. Sikuweka utepe kwenye pete, msasa ukaila. Nilipomaliza, ncha mpya ilikuwa imekaa pale, nene na mviringo, haijagusa mpira. Mke wangu akapita na ufagio, akauliza kama uchafu ule afagie. Nikamwambia fagia. Jioni ile ile nikairudisha fimbo kabatini, nikafunga kabati, nikajisifu njia nzima.

Jumatatu Mama Tarehe alikuja ukumbini kukusanya vitu vyake: tupa, misasa, kile kipande cha mkoba. Akafungua kabati. Tulikuwa watu wanne pale, na sote tulisikia alipoacha kuvuta pumzi.

"Nani ameigusa fimbo ya Baba Watoto?"

"Ni mimi, Mama," nikasema, na nina aibu kuandika kwamba nilikuwa natabasamu. "Nimeitengeneza. Ilikuwa tukukabidhi Ijumaa."

Akapitisha dole gumba juu ya ncha, polepole, kama anavyopitisha kwenye mkono wa mgonjwa. "Ile ya zamani umeiweka wapi?"

"Nimeitupa, Mama. Ilikuwa imeisha upande."

"Imeisha upande," akarudia. "Upande gani?"

Sikujua. Niliikata na kuisaga na sikuwa nimetazama ni upande gani. Akageuza mkono wake wa kulia hewani, akaukunja namna mzee alivyokuwa akiukunja, akanionyesha. "Huu. Huo ndio ulikuwa mkono wake. Miaka minne ya mkono wake ilikuwa hapo." Akairudisha fimbo kabatini, akachukua tupa yake, akatoka. Hakuniaga. Katika miaka kumi na minne hajawahi kunipita bila kuniaga.

Nilikimbia nyumbani. Nilipekua uani kwa mikono, nikachambua changarawe kama mchele. Pipa la taka lilikuwa limeshachukuliwa asubuhi ile. Nilichopata ni kipande kimoja cha ngozi, ukingo niliokuwa nimeukata kwenye ncha mpya. Nikakaa nacho. Nitasema ukweli wote: nilikisugua chini, nikakipaka chaki ya bluu, kikaanza kufanana na kitu cha zamani. Nilikuwa nimeshaamua kumpelekea Mama kama ndiyo ile ncha. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama, akasema, "Yule mama amepapasa mifupa ya watu miaka thelathini. Utamdanganya kwa ngozi?" Nikakitupa.

Jumanne sikuweza kwenda chumba chake. Niliwapokea wagonjwa kutoka kwake, kila mmoja na kikaratasi chenye mwandiko wake, na kila kikaratasi kilinichoma.

Jumatano saa kumi jioni alikuja ukumbini. Nilisimama. "Shikamoo, Mama." Akachelewa kujibu kiasi cha watu kuacha mchezo wao.

"Marahaba."

Akaitoa fimbo, akaifunga vipande vyake, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Gundi umetia nyingi."

"Ndiyo, Mama."

"Pete umeila hapa. Na hapa."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Sikusikiliza."

Akatikisa kichwa. Akaigeuza geuza fimbo, kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu katika ukumbi ule aliyekuwa analijua, pamoja na miaka yote aliyokaa kwenye lile benchi. "Mimi huu mchezo siujui. Sijapiga huo mpira hata siku moja. Kila nikimwambia nifundishe, anasema subiri ustaafu, ukistaafu nitakufundisha wewe tu, asubuhi, baada ya chai, wala hatutakuwa na haraka. Tarehe moja. Alikuwa ameshapanga tarehe moja Julai." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikawa nahesabu na mimi, ila sikuwa nasema kwa sauti kama yeye."

Mkuu wa dobi akaipanga mipira bila kuambiwa. Mama akainama mezani, miwani ikashuka puani. Mkono wake haukukaa pale mkono wa mzee ulipozoea, akashika juu kidogo. Nilimwonyesha jinsi vidole vya mkono wa mbele vinavyowekwa. Akapiga, fimbo ikateleza pembeni na mpira mweupe haukutikisika. Akapiga tena, ukasogea upana wa kiganja. Mara ya tatu ukaenda, ukapita mipira yote bila kuigusa, ukatumbukia shimoni wenyewe. Mtu mmoja akacheka, na yeye akacheka, kile kicheko chenyewe cha kupitia ukuta. Katikati yake kikamvunjika. Akaweka paji la uso kwenye ukingo wa meza, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani, kwa kuwa msibani alikuwa anahudumia watu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Metroni alikuja akasimama karibu naye, akamshika mgongo, na tukakaa hivyo mpaka alipomaliza mwenyewe.

Nilipomaliza kuandika kurasa hizi, kamati ilishauri sehemu hii iondolewe kwa kuwa haifai kwa sherehe. Nikampelekea Mama Tarehe asome kwanza, maana safari hii nimejifunza kuuliza. Alisoma kwa kalamu ya bluu mkononi. Alisahihisha idadi ya wodi za wakati ule. Alisema mheshimiwa alikuja siku kumi na moja mapema, si tisa, lakini niache tu. Kisha akasema, "Andika kwamba nilikasirika. Wala usiandike kwamba nimesamehe yote, watu watakuona mwongo na mimi pia. Andika kwamba nimeanza." Nimeandika.

Mama, kwa niaba ya kila aliyetembea kwa mguu ulioufunga na kila aliyenyanyua mtoto kwa mkono ulioutengeneza, tunakushukuru. Wasaidizi wako wawili wameahidi kuandika tarehe kwa herufi zako. Binti yako mkubwa ametutumia salamu, anasema atafika Ijumaa kwa basi la asubuhi na atakaa nawe mpaka Jumatatu. Pakiti ya ncha tumekununulia, na safari hii ni wewe utakayezibandika.

Jumamosi ni tarehe moja. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, na ufunguo wa ukumbi ninao mimi. Nitakuwa pale asubuhi, baada ya chai, na hatutakuwa na haraka. Mimi si mchezaji mzuri, na kufundisha sijui. Tunajua wote kwamba atakayekuwa amesimama upande wa pili wa meza si yeye. Njoo hivyo hivyo, Mama, na maisha yako ya mbele Mungu ayafanye mema.